Korongo Niliyemwona Jumanne

Januari kwetu Kendu Bay ni mwezi wa jua kali. Shamba limepasuka, kuku wanashinda chini ya ghala, na mwanafunzi akiinua mkono saa nane mchana najua anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, hana swali lolote. Kwa hiyo nilipojiunga na kikundi cha wasap cha watazamaji ndege wa Migori na Homa Bay, nikakuta kila mtu anaandika "wageni wa majira ya baridi", nilicheka peke yangu jikoni. Baridi ni ya huko Ulaya ndege wanakotoka. Hapa wanakuja kuota jua na kula vyura hadi Machi, kisha wanarudi kwao.

Si kwamba sikujua. Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Nimefundisha habari za ndege wanaohama kwa miaka kumi na moja, nikichora mishale ubaoni kutoka kaskazini kwenda kusini, bila hata siku moja kutoka nje kumtafuta ndege mwenyewe. Aliyenitoa darasani ni mwalimu mwenzangu mmoja ambaye, alipohamishwa, aliniachia darubini yake. Jicho la kushoto la darubini hiyo lina ukungu usiofutika, lakini la kulia ni zima. Nilianza kwa kutazama yangeyange waliokuwa uwanjani, na mwaka uliofuata nikawa mtu wa kuamka kabla ya majogoo kwenda kuangalia kitwitwi matopeni.

Kikundi chenyewe hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na muuguzi mmoja wa Mbita, mwanamke mpole aliyekuwa akipiga picha za ndege kutoka kwenye kivuko. Kulikuwa na muuza duka wa Masara aliyetuletea habari za ndege wanaotua kwenye mabwawa ya wachimba dhahabu. Wengine walisoma tu na kutuma vidole gumba. Na juu yetu sote kulikuwa na mzee mmoja wa mjini Migori, ofisa wa kilimo mstaafu, ambaye sote tulimwita Mwenyekiti ingawa sikumbuki uchaguzi wowote. Alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Yeye ndiye aliyetunza orodha ya msimu, yaani ndege gani ameonekana wapi, lini na nani kamwona. Orodha hiyo ilipelekwa Nairobi kila mwisho wa msimu, na jina lako likiwa humo ulijihisi mtu.

Jina langu lilikuwa bado halijaingia kwa ndege yeyote wa maana.

Nyuma ya shule yetu kuna kijito kinachoteremka ziwani. Wakati wa kiangazi kinabaki vidimbwi tu, na pembeni mama mmoja analima sukuma wiki na nyanya, akimwagilia kwa ndoo. Nilizoea kupita kwake asubuhi, tukisalimiana. Jumatatu moja aliniita.

"Mwalimu, wewe si unapenda winyo?"

"Ninapenda ndege, ndiyo, mama."

"Kuna mmoja hapa, siku ya nne leo. Mkubwa. Mweusi, lakini mdomo kama ametoka kuchinja. Anasimama pale chini ya mti ulioanguka. Leo ameshaondoka, lakini kesho njoo mapema utampata."

Kesho yake, Jumanne, nilifika jua likichomoza. Alikuwa amesimama kwenye maji ya kufika magotini, umbali kama wa kutoka lango la shule hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Korongo. Shingo na mgongo vilikuwa vyeusi, si weusi mkavu wa kunguru bali ule wenye kijani na zambarau ndani yake, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Tumbo jeupe. Mdomo mrefu, mwekundu. Miguu myekundu. Akapiga hatua moja, akachomoa kitu majini, akameza. Nilishikilia pumzi hadi kifua kikauma. Nilikuwa nimemsoma kitabuni mara nyingi: korongo mweusi, anayezaa kwenye misitu ya Ulaya, ambaye huku kwetu hupatikana kwa bahati, mmoja mmoja, mwaka huu yupo na mwaka ule hapana.

Nilichelewa gwaride la asubuhi. Sikujali. Nilikaa nyuma ya chumba cha walimu nikaandika kwenye kikundi: "Korongo mweusi mmoja, Kendu Bay, kijito nyuma ya shule, saa kumi na mbili na nusu leo asubuhi. Mdomo na miguu ni myekundu. Nimemwona mimi mwenyewe kwa darubini." Kisha nikangoja pongezi.

Mwenyekiti alijibu kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia. "Picha?"

"Sina picha. Simu yangu haifiki mbali hivyo."

"Huyo ni korongo wa mvua, mwalimu. Wako wengi. Hata mimi zamani nilikuwa nawachanganya." Akaweka ile sura inayocheka hadi machozi.

Wengine wawili nao wakaweka sura za kucheka.

Naomba nieleze, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipoanzia. Korongo wa mvua ni ndege mwingine. Kweli naye ni mweusi mwenye tumbo jeupe, lakini ni mdogo zaidi, mdomo wake ni wa rangi ya majivu, na miguu yake imefifia, mekundu ni magoti tu. Tena hutembea kwa makundi, na Januari huwa wameshapita zamani kwenda Tanzania. Niliandika yote hayo. Nilinukuu hadi ukurasa wa kitabu. Mwenyekiti akajibu, "Bila picha hatuandiki. Ni sheria ya kikundi, si yangu."

Muuguzi wa Mbita aliniandikia pembeni, si mbele ya watu: "Mimi nakuamini, dada." Nilimshukuru, ila nilitamani aseme hadharani.

Jumatano nilirudi kijitoni kujaribu kupiga picha kupitia lile jicho zima la darubini. Mtu akikwambia ni rahisi, mwambie ajaribu. Mkono wa kushoto unashika darubini, wa kulia unashika simu, na kila ukipumua korongo anatoka nje ya duara. Nilipiga picha thelathini. Ishirini na tisa zilikuwa giza tupu. Moja ilikuwa na kitu cheusi katikati ya kitu cha kijivu, na kama unajua unachotafuta, wekundu kidogo pembeni. Nikaituma.

"Hii ni nini?" aliuliza mtu wa Rongo ambaye sijawahi kumwona.

"Korongo mweusi."

"Mimi naona karatasi ya plastiki imenasa kwenye tawi."

Vicheko. Niliifunga simu nikaingia darasani nikiwa nimevimba. Siku hiyo naibu mwalimu mkuu alinisimamisha ukumbini, akanitazama viatu. "Madam, hii ni mara ya pili wiki hii unaingia na tope. Kuna nini huko mtoni?"

"Ndege," nilisema.

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Jioni nilimlalamikia mume wangu, naye akala ugali wake kwa utulivu hadi nikamaliza. "Sasa huyo mzee akikuamini, utapata nini?" aliuliza.

"Nitaandikwa."

"Na asipokuamini, ndege atakuwa hakuja?"

Alidhani amenituliza. Alinikasirisha zaidi. Niliyemtaka aseme "ni kweli" ni yule mzee wa lenzi, na ilinichoma kujua kwamba nilitaka hivyo kiasi kile.

Alhamisi Mwenyekiti alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya baba anayekubali kumpeleka mtoto kwenye maonyesho baada ya kusumbuliwa wiki nzima.

"Mwalimu, tumeamua kuja kumaliza maneno. Jumamosi alfajiri tutakuwa watu wanne."

"Jumamosi siwezi, mzee. Mimi ni Msabato."

"Lo! Nilisahau. Lakini ni kuangalia ndege tu, si kazi."

"Niko kanisani kuanzia asubuhi. Ninafundisha Shule ya Sabato. Njooni Jumapili, nitawapeleka hadi mahali penyewe."

"Jumapili mimi nasoma somo kwenye Misa. Na hawa wengine pia wana Misa. Halafu gari tumelipata la Jumamosi tu."

"Basi kesho asubuhi."

"Kesho nina mazishi Awendo. Wewe nitumie maelekezo tu. Tutampata."

Nilimjua Mungu wangu na nikamjua korongo wangu, na sikuona kwa nini wawili hao wagombane kwa sababu ya gari la watu wa Migori. Hata hivyo nilikubali. Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, niliandika maelekezo ambayo hata kipofu angeyafuata. Shukeni njia ya nyuma ya shule. Piteni bustani ya sukuma kwa kando, msikanyage. Simameni kwenye kichuguu, msishuke zaidi ya hapo. Tazameni mti ulioanguka. Anafika jua linapochomoza, anaondoka kabla ya saa tatu. Nikazima simu, nikaiweka kwenye droo.

Sikumbuki somo nililofundisha Jumamosi ile. Najua nilisimama mbele ya watu, najua tuliimba, lakini akili yangu ilikuwa kwenye kichuguu. Kijito kiko mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Wakati wa maombi niliomba mambo mawili yanayopingana: kwamba wamwone ili waniamini, na kwamba wasimwone bila mimi. Nilijua ombi la namna hiyo halifai hata kufikishwa.

Jua lilipozama, tukafunga Sabato nyumbani kwa wimbo, na kabla watoto hawajainuka nilikuwa nimeshafungua droo.

Picha zilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo. Korongo alijaa kwenye kioo cha simu, kila unyoya uking'aa, na wekundu wa mdomo ulikuwa hasa wekundu ule nilioueleza Jumanne. Nilihisi furaha ya kama dakika moja. Kisha nikasoma maneno ya chini: "Korongo mweusi, Kendu Bay. Nimempata leo saa moja na nusu baada ya kutafuta kwa bidii. Mtazamaji:" na hapo yakafuata majina yake yote matatu.

Chini yake pongezi zilikuwa zimepangana. Hongera Mwenyekiti. Macho ya Mwenyekiti hayazeeki. Mtu wa Rongo, yule wa karatasi ya plastiki, aliandika, "Ndege wa msimu!" Hakuna aliyenitaja isipokuwa muuguzi wa Mbita, safari hii mbele ya wote: "Si ndiye yule wa mwalimu?" Hakuna aliyemjibu.

Jumapili nilishuka kijitoni bila kunywa chai. Nilitaka angalau kumwona tena, niwe peke yangu naye. Chini ya mti ulioanguka hapakuwa na kitu. Niligeukia bustani, nikamwona yule mama amepiga magoti, anainua miche ya sukuma iliyolala, anaikandamizia udongo kwa vidole. Mstari mzima wa karibu na maji ulikuwa umekanyagwa.

"Watu wako walikuja jana," alisema bila kunisalimu.

"Si watu wangu, mama."

"Walisema wametumwa na mwalimu. Mwalimu ni nani hapa kama si wewe? Yule mwenye mtambo alitaka kwenda karibu, karibu, karibu. Nikampigia kelele, akaniambia, 'Ngoja kidogo, mama.' Ndege akaruka hivi, akapita juu ya shule. Hajarudi."

Niliinama nikaanza kumsaidia. Nilikuwa nimejaa maneno, nikamwagia yote: nilivyochekwa, nilivyoelekeza, nilivyosema wasikanyage, na jinsi yule mzee alivyoandika kwamba amempata yeye. "Mimi ndiye niliyemwona kwanza," nilisema, "halafu jina langu halimo!"

Aliacha kufanya kazi akanitazama. Hakuwa na sura ya kunifundisha chochote. Alikuwa amekasirika tu, kwa sababu ya sukuma zake.

"Wewe ulimwona kwanza?"

Niliendelea kukandamiza udongo.

"Mimi nilikuwa naye siku nne kabla yako. Nilikuita ndio ukaja. Huko kwenye simu yenu uliandika nani alikuonyesha?"

Sikuwa nimeandika. Wala halikuwa jambo nililolifikiria nikaliacha. Halikunijia kabisa. Niliandika "nimemwona mimi mwenyewe", nikaona ni haki. Tuliendelea kupandikiza miche hadi jua likawa kali, na sikusema tena habari za Mwenyekiti. Nilipoondoka nilimwahidi kwamba Jumapili ijayo nitakuja na miche mingine ya kujazia mapengo. Alisema, "Tutaona."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nilimpigia Mwenyekiti.

"Mwalimu! Hongera bwana, kumbe ulikuwa sahihi."

"Kama nilikuwa sahihi, mbona umeandika umempata wewe?"

"Kumwona ni jambo moja. Kuthibitisha ni jambo lingine. Wewe ulisema, mimi nikathibitisha. Orodha inataka aliyethibitisha."

"Uliandika baada ya kutafuta kwa bidii. Mzee, nilikuandikia hadi kichuguu!"

Alicheka, lakini kidogo. "Sawa, sawa. Nitaweka na jina lako. Usikasirike, hii ni kazi ya kujitolea tu."

"Weka pia la mama mwenye bustani. Yeye ndiye aliyenionyesha. Alikuwa naye tangu Ijumaa, siku nne kabla yangu."

"Yule aliyekuwa anatupigia kelele?"

"Huyo. Na mmemharibia mboga."

"Mwalimu, yule si mtazamaji ndege. Hata hajui alikuwa anaona nini."

"Alijua mdomo ni mwekundu," nilisema. "Wewe wiki nzima hukutaka kujua."

Nilisikia redio nyuma yake ikisoma matangazo ya vifo. Kisha akasema yuko njiani, mtandao ni mbaya, tutaongea. Hatukuongea.

Kwa hiyo niliandika kwenye kikundi. Nilifuta mara tatu. Mwishowe nilituma haya: korongo mweusi wa Kendu Bay alionekana kwanza na mama anayelima kijitoni, akanionyesha mimi, nami nikakosea kutomtaja, waliokuja Jumamosi walikanyaga mboga zake na kumfukuza ndege, naomba yote hayo yaandikwe, na naomba waliokuja wampelekee mama huyo pole. Nikangoja. Muuguzi wa Mbita aliweka kidole gumba. Muuza duka wa Masara naye akaweka. Kisha mtu wa Rongo akatuma picha ya keremkerem kwenye waya wa umeme akauliza ni aina gani, na Mwenyekiti akamjibu kwa maelezo marefu, kwa upole mkubwa, kana kwamba ujumbe wangu haukuwapo juu yake.

Nilijitoa kwenye kikundi siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili nilimwomba muuguzi anirudishe. Sina namna nzuri ya kulieleza hilo. Nilikuwa nakosa habari: nani ameona nini Mbita, kama heroe wamerudi ziwa Simbi, kama korongo weupe wameshapita. Watu wengine wanaojali mambo haya katika kaunti zetu mbili siwafahamu. Mwenyekiti aliandika, "Karibu tena mwalimu," basi. Hakuna aliyeomba radhi, hata mimi.

Miche niliipeleka, Jumapili mbili mfululizo. Tulijaza mstari wote, na ya pili mume wangu alikuja kubeba maji. Yule mama alinikubali polepole. Siku moja nilimwonyesha ile picha ya Mwenyekiti kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole, akasema, "Ni yeye. Lakini hapa ameshaogopa, ona shingo." Nilitazama tena na kweli, shingo ilikuwa imenyooka, mguu mmoja umeshaanza kuinuka. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara ngapi, nikitafuta jina langu chini yake, nisione kwamba ndege anaondoka.

Orodha ya msimu ilitoka mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza na kijito kimejaa hadi kwenye kichuguu. Niliifungua katika chumba cha walimu, wenzangu wakisahihisha mitihani. Korongo mweusi alikuwa ukurasa wa pili. Majina matatu ya Mwenyekiti, halafu maneno mawili: "na wengine". Nilimwonyesha mwalimu aliyekaa jirani yangu, nikamweleza hadithi yote kwa pupa, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa, madam," aliniuliza, "wengine ndio nyinyi?"

"Ndio sisi," nilisema.

"Si mbaya," alisema, akarudi kwenye karatasi zake. Mimi nilibaki na kalamu nyekundu mkononi na lundo la mitihani ya kidato cha pili mbele yangu, nikiwa na hasira hadi masikio yananiwaka moto, na nikasahihisha swali la kwanza la mwanafunzi wa kwanza vibaya, ikabidi nifute.